Ngolo Zilivyoonekana kutoka Juu

Kambini, juu ya Chiwanda
24 Machi 2024

Mjomba wangu Kiliani,

Shikamoo. Mimi mzima. Kifua kile cha baridi kimeniacha tangu nishuke huku kwenye joto la ziwani, na chakula cha mesi kinalika. Natumaini nawe hujambo, mgongo umetulia, na mahindi yamebeba.

Ningepiga simu, lakini simu yako anaipokea jirani yako Vitalia, maana wewe masikio uliyaacha kwenye mizinga ya jeshi. Mara ya mwisho nilikuuliza kama umekula, Vitalia akakupigia kelele, na jioni yake Litembo nzima ilijua umekula kisamvu. Kwa hiyo naandika. Dereva wa Fuso anayekuletea hii ana mfuko wa usipa wako, dagaa wa ziwa hili. Akikuambia panya wameula, mnuse mikono.

Kombania yangu inaendelea. Vijana wa siku hizi wana elimu, wanajua mambo ambayo sisi tulifundishwa kwa kuchorewa ubaoni. Tumeletewa droni mpya, ndege ndogo isiyo na rubani. Inapita juu ya mpaka alfajiri, picha inakuja kwenye kioo, na mashine yenyewe inazungushia alama nyekundu kitu inachokitilia shaka. Anayeirusha ni Koplo Frederick, kijana mtulivu, hana makuu. Ungempenda.

Nina swali dogo. Ngolo huko kwetu huchimbwa Machi hii hii, au nakosea? Na wewe umewahi kuona watu wanachimba ngolo upande huu wa chini, ambako wenyeji wanalima mihogo? Ni swali tu, nimekumbuka nyumbani.

Mpwa wako,
Benadetha

*

Litembo
14 Aprili 2024

Kapteni Benadetha,

Marahaba, mwanangu. Barua imekaa ofisi ya parokia wiki mbili kwa sababu dereva wako aliiacha kwa katekista, na katekista alikuwa na mambo ya Pasaka. Usipa umefika. Pungufu, lakini umefika.

Mgongo uko pale pale. Mahindi yamebeba, kahawa imejaa kijani. Wanangu wa Dar es Salaam, binamu zako hao, hawaandiki wala hawaji. Tangu mke wangu Ottilia atutoke, nyumba hii ni mimi na kuku. Basi, tuyaache hayo.

Ebo! Kapteni mzima ananiuliza ngolo huchimbwa lini! Ndiyo walichokufundisha huko chuoni? Ngolo ni mwezi wa tatu, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni. Wanaume tunafyeka nyasi, zikikauka tunazilaza mteremkoni kwa miraba, kama dirisha la vyumba vingi. Wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Panabaki shimo, na kuta zake zinapandwa maharage. Mvua ikija inaishia mashimoni, udongo haushuki mtoni. Wewe mwenyewe ulichimba pale nyuma ya nyumba hadi viganja vikatoka malengelenge, ukalia, mama yako Lidia akakucheka. Mungu amrehemu dada yangu.

Na ndiyo, wapo walioshuka kulima upande wako. Ardhi ya huku imeisha. Na hapo nina habari. Jumuiya yetu ilikwenda kuwatazama wagonjwa hospitali ya misheni kabla ya Pasaka, nikamkuta mtu wa Matiri anaitwa Michael. Alihamia huko kwenu na mke wake Scolastika mwaka juzi, wakafungua mteremko mpya, ngolo zake za kwanza. Ana risasi ya paja. Anasema walikuja askari alfajiri, akadhani ni watu wa msitu wanaokamata waliolima bila kibali, akakimbia. Wakamrushia. Luteni mmoja alileta sukari na maji ya chupa akasema ni bahati mbaya.

Mtu huyu ana sauti nene, akiongea karibu na sikio langu la kulia namsikia. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini nikamsikia mtu bila kumwambia rudia. Tunacheza drafti kwa vizibo vya soda. Anacheza vibaya sana na anabisha, raha tupu. Kila siku nampelekea uji.

Wewe unajua lolote kuhusu jambo hili? Ni kikosi gani hicho?

Mjomba wako,
Kiliani, Sajenti mstaafu

*

Litembo
12 Mei 2024

Benadetha,

Sijapata jibu. Dereva anasema alikukabidhi barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukamwambia aende. Hukumpa hata salamu za kuniletea.

Nimekulea tangu hujaota meno ya pili. Ukivunja chungu ulikuwa unakwenda kukaa nyuma ya banda la mbuzi, huji kula mpaka uitwe. Sasa nakuita.

Michael walimkata mguu juma lililopita. Kidonda kiliharibika. Ameniuliza mtu wa mguu mmoja atasimamaje mteremkoni alaze nyasi. Nilijifanya sikusikia.

K.

*

Kambini
26 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Huku wote wazima. Upepo wa mwera umeanza, wavuvi hawatoki, usipa umepanda bei, sijapata wa kukutumia. Nisamehe kwa hilo.

Ni kikosi changu.

Nitakuandikia yote, na ukimaliza kusoma uitie barua motoni jikoni, maana sitakiwi kuandika haya. Siku ile picha ilipokuja, mashine ilizungushia wekundu mteremko mzima. Mashimo mamia, yamepangwa kwa safu, na jua la asubuhi limeyajaza kivuli. Mwaka jana hapakuwa na kitu pale. Mashine iliandika kwamba ni mahandaki. Meja Henry, mkuu wetu, aliita maofisa wote tutazame.

Mimi nilijua papo hapo, Mjomba. Chini ya mteremko kulikuwa na sehemu ambayo nyasi zimelazwa miraba na bado hazijafukiwa. Hakuna askari duniani anayelaza nyasi kwanza ndipo achimbe handaki. Nikasema, "Afande, naona kama ni ngolo." Akauliza ngolo ni nini. Nikaeleza, vibaya, kwa haraka. Ofisa mmoja akasema, "Kapteni kaona shamba la shangazi yake," na chumba kizima kikacheka. Wote pale wamesoma nje, wanaongea habari za mifumo na kozi za ng'ambo, na mimi nimesimama katikati naeleza jinsi ya kufukia nyasi kwa jembe. Niliona aibu. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, aibu, wala si woga.

Meja si mtu mbaya. Alisema, "Nikiidharau mashine na kesho watu wenye silaha wakatokea hapo, nitamjibu nani?" Akanitazama. Nikasema, "Ndiyo, afande." Doria ilitoka kombania yangu, kwa amri yangu. Ningeweza kwenda nayo mwenyewe. Ningefika pale, ningeona jembe na kibuyu cha maji, ningecheka. Sikwenda. Nilibaki ofisini najaza taarifa ya mafuta ya magari.

Sasa baraza la uchunguzi linakaa mwishoni mwa Juni. Inasemekana kosa ni la Koplo Frederick, kwamba hakuisoma picha vizuri. Alikuwamo chumbani siku ile. Alinisikia nikitaja ngolo. Hajamwambia mtu, kwa sababu mimi ni mkubwa wake na anangoja niseme mwenyewe. Kila asubuhi ananipigia saluti, halafu anabaki amesimama kidogo kuliko inavyotakiwa. Akifukuzwa jeshi, amefukuzwa kwa ajili yangu. Mimi jina langu liko kwenye orodha ya kupandishwa umeja.

Nifanyeje? Na huyo Michael, usimwambie kitu. Nakuomba.

Benadetha

*

Litembo
9 Juni 2024

Mwanangu,

Nimeisoma mara nyingi, kisha nimeitia jikoni kama ulivyoagiza. Hali ya hapa ni baridi na ukungu, kahawa za kwanza zimeiva, sina wa kunisaidia kuchuma.

Nimekasirika. Acha niseme. Nimekasirika mpaka nikamtupia kuku kikombe. Ulinyamaza kwa sababu ya kicheko! Kicheko cha watu ambao hawawezi kulima hata tuta moja la viazi! Loo, Benadetha.

Nimeshasema. Sasa sikiliza ushauri wa mtu aliyevaa magwanda kabla hujazaliwa. Barazani jibu ulichoulizwa, ukae chini. Usiongeze neno. Jeshi si kitubio, hakuna padre pale wa kukuondolea dhambi. Ukifungua mdomo utawavua nguo wakubwa wako mbele ya wakubwa wao, na hawatakusahau. Koplo ni kijana, atapata kazi nyingine, hata kampuni za ulinzi mjini zinawataka watu kama yeye. Wewe ukianguka unaanguka kutoka juu. Tena cheo hicho si chako peke yako. Kanisani hapa wananipisha benchi la mbele kwa sababu yako. Watu ambao hawakunijali nikiwa na mke na watoto, leo wananiita baba wa kapteni. Ni kidogo, lakini ndicho nilichonacho.

Michael nimeendelea kumtembelea. Sijamwambia, si kwa sababu umeniomba. Nilikuwa nimeshajua hata kabla ya barua yako, nilijua siku dereva aliponiambia umesoma umesimama. Naketi pale, nacheza drafti na mtu niliyemlea mkosaji wake, nakula vizibo vyake naye anacheka. Mke wake Scolastika ananiita baba. Ananiombea.

Usiniulize najisikiaje. Fanya nilivyokuambia.

Kiliani

*

Kambini
7 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini umepata wa kukusaidia kahawa. Kama hujapata, mwambie Vitalia atafute vijana, nami nitawalipa.

Sikukusikiliza. Nianze na hilo.

Baraza liliniuliza swali moja tu: je, mashine ilikuwa inafanya kazi sawasawa siku ile? Nikajibu ilikuwa sawasawa. Mwenyekiti akasema asante Kapteni, kaa. Nilikuwa nimeshaanza kuinama nikae, na maneno yako yamo kichwani, nikamwona Frederick. Alikuwa anatazama viatu vyake. Alikuwa amevipiga rangi vikang'aa, mtu anayejua anafukuzwa, amevipiga rangi viatu. Nikasimama tena. Nikasema naomba kuongeza.

Nikasema yote. Nilieleza ngolo, safari hii polepole, tangu kufyeka mpaka kupanda. Nilisema kwamba mashine iliona mashimo na ni kweli yalikuwa mashimo, ila kazi ya kujua ni mashimo ya nini ilikuwa yetu, na mimi nilijua. Nilisema Koplo hakukosea kusoma picha. Hakuna aliyecheka, Mjomba. Mwandishi wa baraza aliniuliza jinsi ya kuandika neno ngolo, nikamtajia herufi moja moja.

Frederick amerudishwa kazini, kikosi kingine. Aliondoka bila kuniaga. Nilitegemea aniage, sitaficha. Nimevuliwa ukuu wa kombania. Wamenipa meza ghalani, nagawa mashuka na mabuti. Orodha ya mameja imesomwa, simo. Mesini nikikaa, wenzangu wanakumbuka wana shughuli. Jioni nakwenda ufukweni peke yangu, nakaa mpaka mbu wanichoke.

Meja Henry alinijia kabla hajahamishwa. Nilidhani atanitukana. Aliniambia, "Ungesema mara ya pili, ningekusikiliza." Halafu akapanda gari. Ningependa kuamini alidanganya.

Najua nimekuvua benchi la mbele. Nisamehe, Mjomba. Sikuona njia nyingine ambayo ningeweza kulala nayo.

Mpwa wako,
Benadetha

*

Litembo
28 Julai 2024

Benadetha mwanangu,

Marahaba. Kahawa nimechuma mwenyewe na Vitalia kanisaidia kuanika. Amekuwa mtu mwema ghafla, au pengine alikuwa mwema siku zote nami nilikuwa simsikii. Habari zako zimefika hapa kabla ya barua yako, sijui kwa mdomo wa nani. Benchini bado wananipisha, lakini hawaniulizi tena unaendeleaje.

Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikajiuliza ninakasirika nini hasa. Wewe umesimama mbele ya watu wenye nyota mabegani ukasema. Mimi nashindwa kusema mbele ya mtu mwenye mguu mmoja, tena rafiki yangu. Nikachukua chupa ya uji nikaenda wodini.

Nikamwambia, "Michael, aliyetoa amri ni binti wa dada yangu. Nimemlea mimi. Nimejua tangu Aprili." Alikuwa ameshika kizibo, anafikiria pa kukiweka. Akakiweka chini polepole. Akaniambia, kwa ile sauti yake ninayoisikia, "Baba, miezi yote hii." Basi. Akageukia ukutani.

Kesho yake nilikwenda, sista akanizuia mlangoni, akasema mgonjwa hataki wageni. Keshokutwa yake hivyo hivyo. Juzi Scolastika alikuja hapa nyumbani kunirudishia chupa, ameiosha. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Hakuniita baba. Nilimwomba kitu kimoja, kwamba msimu ujao niende mimi na vijana wa jumuiya tukalaze zile nyasi, yeye na wenzake wafukie. Akasema shamba lao ataamua Michael.

Nilitegemea nini? Nadhani nilitegemea kwamba ukisema kweli mtu anakushika mkono. Wewe ulimtegemea Koplo wako akuage, mimi nilimtegemea Michael acheze. Wazee wapumbavu wawili, mmoja bado kijana. Mchana sasa ni mrefu mno. Nimepanga vizibo mezani nacheza pande zote mbili, nashinda na kushindwa, sina wa kubishana naye. Namkosa yule mtu, Benadetha. Namkosa kuliko nilivyowakosa wanangu, na hili usimwambie mtu.

Ila Scolastika alipofika njiani alirudi. Alirudi mpaka mlangoni, akaniinamia sikio la kulia, akanipa maneno ya mume wake ili niyafikishe kwako kama yalivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Michael anasema: sukari ya jeshi ameila, barua hazitaki, na salamu za kupitia kwa mzee hazitaki. Huyo Kapteni aje mwenyewe. Asije na magwanda wala na gari la jeshi. Akae kwenye kiti pale kitandani, amwambie kwa mdomo wake kwamba alijua. Baada ya hapo, kama atamjibu au hatamjibu, ni juu yake.

Mimi sikushauri neno. Ushauri wangu ulishaonekana thamani yake.

Kiliani

*

Kambini
4 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeomba likizo, wamenipa bila kuuliza, nadhani wamefurahi. Natoka Jumamosi, nitalala Mbinga, na Jumapili nitapanda bodaboda kuja Litembo. Nimenunua gauni gulioni, maana nimetafuta sandukuni nikakuta sina nguo ya raia inayofaa kukutana na watu.

Usije kunipokea. Mwambie Scolastika nitakuwa wodini saa ya kutazama wagonjwa. Ninaogopa, Mjomba, kuliko nilivyoliogopa baraza. Barazani nilijua watanifanya nini.

Nikitoka huko nitakuja nyumbani kwa miguu. Usiniulize kitu nikifika, nipe kwanza chakula.

Benadetha